Msichana Aliyehamia kwa Das

Wekeni kalamu chini. Hii haiandikwi, inasikilizwa. Nakunda ameuliza swali kwa hasira, na hasira yake ina haki: iweje Wajerumani, kwa vineno vyao vitatu vinavyotangulia kila jina, der, die na das, wakifanye kijiko mwanamume, uma wakaufanya mwanamke, halafu msichana mzima na akili zake wamweke fungu moja na kisu? Ninyi wauguzi mnakwenda kuwatunza wazee wao, na hamtaki kumtaja mjukuu wa mtu kama mnataja chombo cha jikoni. Basi nitawapa jibu nililo nalo mimi. Vitabuni halimo, na mtahini msimwambie.

Zamani, kabla mambo hayajapangwa, maneno ya nchi ile yalitembea peke yake. Jua lilijiendea, mwezi ulijiendea, mkate uliingia sokoni ukatoka bila mtu wa kuutangulia. Hakuna aliyekuwa wa nyumba ya mtu. Walicheza barabarani kutwa, na kila mmoja alilala pale usingizi ulipomkuta. Walikuwa na raha, nawaambieni, raha ya mtu ambaye hajawahi kuonja baridi.

Kisha ikaja theluji, ya kwanza kabisa.

Barabara ile ilikuwa na nyumba tatu tu, za ndugu watatu. Kwa Mzee Der palikuwa na moto mkubwa na ukali kidogo. Kwa Bi Die, na mtamke Dii msije mkanitia aibu huko, palikuwa na tanuri la mikate na ukumbi mpana. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mdogo wao, Das, ndogo yenye mlango mfupi, hata mtu mzima alilazimika kuinama. Kama Das alikuwa shangazi au mjomba hakuna aliyejua, na mwenyewe akiulizwa alicheka tu.

Maneno yakakimbia. Anayekimbia baridi hachagui mlango, huingia ulio wazi. Kijiko kikaangukia kwa Mzee Der, uma kwa Bi Die, kisu kikapenya kwa Das. Jua, lililotetemeka kuliko wote, likakimbilia tanuri la Bi Die, na mwezi ukaishia kwa Der. Mwisho wa yote theluji yenyewe, iliyowafukuza wenzake kutwa nzima, ikachoka ikabisha hodi kwa Mzee Der, naye akaifungulia! Mpaka leo anatembea nayo. Kuna ukarimu mwingine una wazimu ndani yake.

Msicheke, na sisi tunayo yetu. Yai limekaa ngeli moja na jino na gari, na hamjawahi kuliuliza lilifikaje huko.

Sasa, Mutter, yaani mama, alikuwa amewahi kwa Bi Die. Akamshikia binti yake nafasi kando ya tanuri. Binti huyo, Mädchen, yaani msichana, alichelewa kwa sababu alikuwa anaokota wadogo njiani: kitoto cha paka, kindege, kimkate cha asubuhi, vyote vidogo ambavyo wakubwa walikuwa wamevipita. Alivikusanya ndani ya aproni yake. Alipofika, ukumbi wa Bi Die ulikuwa umefurika, imebaki nafasi ile moja tu.

"Ingia, mwanangu!" mama akapiga kelele. "Hao waache, watapata pao."

"Mama, nikiwaacha watakufa."

Ndipo mlango mfupi wa jirani ukafunguka, na Das akaita, "Wadogo wote, njooni kwangu, tutabanana!" Mädchen akamtazama mama yake, machozi yakimtoka, kisha akainama akaingia na wadogo wake.

Mutter alilia majira yote ya baridi. Hakulia kwa ajili ya ukuta uliokuwa kati yao. Alililia desturi ya nchi ile: aliyekunywa supu yako wakati wa theluji amekuwa wa nyumba yako, na popote aendapo utamtangulia mlangoni, watu wajue kwamba ana kwao. Ni desturi nzuri, lakini ilimpokonya binti.

Theluji ilipoyeyuka watu wakatoka, kila mmoja nyuma ya mwenyeji wake. Das akatoka akiimba, na nyuma yake Mädchen, mashavu mekundu, kitoto cha paka kimenona kupita kiasi. Mama alifurahi kumwona hai, akakasirika, yote kwa pamoja.

"Nirudishie," akamwambia Das. "Nilimzaa mimi."

"Kumzaa ulimzaa," Das akajibu kwa upole. "Lakini supu ameshakunywa. Nikivunja desturi kwa mmoja, kesho kila mtu atakosa kwao."

"Mama, sijakukimbia," Mädchen akasema. "Ila hawa wamenizoea."

Bi Die, aliyesikia kilio kile majira yote, akamgeukia mdogo wake. "Das, mlango wako hupitisha mmoja mmoja. Wakitaka kutoka wengi, unafanyaje?"

"Tunasukumana," Das akakiri.

"Basi akitoka peke yake, mtangulie wewe. Wakitoka wengi, nitawatangulia mimi, wa kwako na wa kwa Der. Mwenye ukumbi ni mimi." Mzee Der akaguna, akakubali, maana misafara na kelele hakuvipenda tangu hapo. Siku ileile ngoma ikapigwa, wasichana wa mji mzima wakamiminika barabarani, na mbele yao akatembea Bi Die. Ubavuni mwake alikuwepo Mutter, amemshika binti yake mkono, anacheza kama bibi harusi. Furaha ya mama yule haielezeki.

Na tangu siku hiyo, hakuna neno la nchi ile linalotoka bila mwenyeji wake. Kwa hiyo msikariri neno likiwa peke yake, mtaliacha kwenye baridi. Msitazame sura yake pia. Ulizeni nani alilifungulia mlango. Msichana akiwa mmoja ni das Mädchen, na si kwa kuwa ni kitu, ni kwa kuwa alikataa kuwaacha wadogo nje. Wadogo wale, wote wenye -chen mkiani, alama ya udogo kwa Wajerumani, wanaishi naye kwa Das mpaka leo.

Lakini wasichana wakiwa wengi je? Haya, semeni wote: die Mädchen. Kwa nguvu, mama yake anasikiliza.