Ua Lililonukia Pilau

Sogeeni, ngano imebisha hodi. Nani ataifungulia? Haya, nitaifungulia mimi.

Palikuwa na ua jekundu, kubwa kama pipa, kongwe kuliko msitu wenyewe, nalo lilikula watu. Lilinukia pilau. Machano akaifuata harufu mpaka akaingiza kichwa. Kwa nini mume wa mtu ahangaikie chakula cha nje? Mimi simo. Kap! Ua likammeza mzima mzima.

Akaja mdogo wake na panga. "Mtapike kaka yangu!" Ua likakaza midomo. Akaja sheha na fimbo yake. "Fungua, naamuru mimi!" Likakaza zaidi, na mayowe ya Machano yakaanza kufifia.

Akaja Sikudhani, mkewe. Akaliona shina lilivyokunjamana kama shingo ya ajuza. Akapiga goti huku machozi yakimtoka.

"Shikamoo, bibi."

Tangu ua lichipue, hakuna aliyewahi kuliamkia. Na shikamoo hainyamaziwi, hata na zimwi.

"Marahabaaa, mjukuu wangu!" likaitika, domo wazi, na Machano akateleza nje. Amelowa ute, masharubu yamebaki upande mmoja, lakini anapumua! Sikudhani akacheka, akalia, akamshika mkono, wakatoka mbio.

"Mbona mapema, wajukuu?" ua likawaita. "Hata hamjala!"

"Ahsante, bibi," Sikudhani akajibu bila kugeuka nyuma. "Tumeshashiba!"

Ngano yangu imekwenda kulala, nanyi mkalale.