Nyegere na Viti Mia Vitupu

— Hodi, wanangu! Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulie!
— Imetoka mbali, miguu ina umande.
— Ipanguse, ikae!
— Ikikaa itawalaza.
— Itulaze taratibu!

Haya, sogeeni. Mwenye shuka amgawie asiye na shuka.

Hapo zamani za kale, zamani mno, mawingu yalipokuwa yakitembea chini chini kama kondoo, palikuwa na bonde lenye uwanja wa mpira. Nyasi zake zilikuwa laini. Mpira ulisukwa kwa maganda ya migomba. Ukipigwa ulipanda juu polepole, ukakaa kidogo hewani kana kwamba unafikiri, kisha ukashuka.

Timu ya Bondeni ilicheza na Timu ya Mlimani. Mlimani walikuwa nyani watupu, wakubwa, wenye mikono mirefu. Bondeni walikuwa wa kila aina, na mkimbiaji wao wa pembeni alikuwa Mwepesi, binti wa Mama Digidigi.

Mwepesi alikuwa mdogo sana. Lakini mama yake akiita, "Mwanangu, nipo!" yeye alipita kati ya miguu ya nyani kama maji yanavyopita kati ya mawe.

Na desturi ilikuwa hii: timu ikifungwa mara tatu mfululizo, mpira wake unafumuliwa, ganda kwa ganda, na wachezaji wake hawachezi tena maisha yao yote.

Sasa mwaka huo mlinzi wa uwanja alikuwa Nyegere. Nyegere alipenda asali kuliko ndugu zake. Akazungushia uwanja ua wa miiba. Akaweka magogo mia ya kukalia. Akaacha mlango mmoja, akasimama hapo.

"Zamani mlikaa chini kama vyura," akasema. "Sasa mtakaa kwenye viti kama watu. Kiingilio ni kikombe cha asali."

"Kikombe!" Mama Kanga akapiga kelele. "Mimi nina watoto kumi na wawili, baba. Vikombe kumi na vitatu nivitoe wapi?"

"Waache nyumbani."

"Nyumbani na nani? Na wewe?"

Wanyama wakacheka. Nyegere hakucheka.

Mama Digidigi akaja na kikombe chake, kitinda mimba wake akiwa mgongoni. Nyegere akamtazama mtoto. "Na huyo?"

"Huyu ananyonya, Mzee Nyegere."

"Ana macho. Mwenye macho analipa."

Mama Digidigi hakuwa na kikombe cha pili. Akabaki nje. Waliingia wanyama hamsini, na viti hamsini vikabaki vitupu. Mwepesi alimtafuta mama yake kiti kwa kiti, hakumwona, na miguu yake ikawa mizito. Bondeni wakafungwa. Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Nyegere akavitazama vile viti vitupu. Akapiga hesabu yake ya Kinyegere. "Wamekuja nusu," akasema, "basi kila mmoja alipe zaidi, ili walipie na wale wasiokuja."

Mechi ya pili, kiingilio kikawa kibuyu kizima cha asali. Wakaingia wanyama kumi. Wengine wote walibaki nje ya ua, hawaoni kitu ila miiba.

Lakini Twiga alikuwepo, na Twiga hahitaji kuingia ili aone. Akainua shingo juu ya ua, akaanza kuwatangazia wenzake. Kobe naye akawapandisha vifaranga wa Mama Kanga mgongoni mwake, wawili wawili, kwa zamu, wachungulie kwenye tundu dogo. Alikuwa akiumia, lakini hakusema.

"Mwepesi anao!" Twiga akatangaza. "Mwepesi anampita mmoja! Anampita wa pili!"

"Bondeni, hoyee!" wakaitikia walio nje, na Mama Digidigi akaita, "Mwanangu, nipo!"

Mwepesi akamsikia. Akapita kama maji, akafunga bao.

Nyegere akatoka mbio. "Nani ameingiza shingo bila tiketi?"

"Shingo ni yangu," akasema Twiga.

"Lakini macho yako yamo uwanjani kwangu! Na nyie mnashangilia bure! Kuanzia sasa, anayeshangilia nje ya ua, timu yake inafungwa bao moja. Umesikia, Korongo?"

Korongo ndiye aliyekuwa mwamuzi, naye alimwogopa Nyegere. Akapuliza kipyenga, akalifuta bao la Mwepesi, akawapa nyani bao moja. Bondeni wakafungwa. Hiyo ikawa mara ya pili.

Usiku ule Mwepesi hakula. "Mama," akasema, "wakitufunga tena, sitacheza kamwe."

"Nitakuwepo," akasema mama yake.

"Utakuwepo wapi? Kwenye miiba?"

Mama alimpapasa tu masikio mpaka akasinzia.

Mechi ya tatu, kiingilio kikawa mzinga mzima, na nyuki wake. Siku hiyo hakuingia hata mmoja. Viti mia, vyote vitupu. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaingia bila kulipa, ukakaa juu ya kila kiti. Ungesema wazee weupe mia wamekuja, wamekaa, na hawataki kusema neno.

Bondeni walicheza wakisikia pumzi zao wenyewe. Nyani wakafunga bao moja. Nje ya ua wanyama walijaa tele, kila mmoja ameziba mdomo wake. Mama Digidigi alitaka kuita, akakumbuka sheria, akameza sauti.

Ndipo mtoto wa mgongoni akaanza kulia. Mama akayumbayumba, akambembeleza kama kila siku:

Lala mwana lala, kinu kinatwanga,
twa-twa, twa-twa, unga unakuja.
Lala mwana lala, mama yuko hapa,
twa-twa, twa-twa, hajaenda mbali.

Nyegere akatokeza kichwa. "Unashangilia!"

"Ninabembeleza, Mzee Nyegere. Mtoto ana usingizi."

Nyegere akakuna kichwa. Sheria yake ilisema kushangilia. Haikusema kubembeleza. "Basi, bembeleza," akasema. "Lakini taratibu."

Mama Kanga akamtazama Mama Digidigi. Akawakusanya kumi na wawili wake chini ya mbawa, akaanza naye. Twiga akaanza. Kobe akaanza.

"We Kobe, unambembeleza nani? Huna mtoto," akauliza Nyegere.

"Goti langu, mzee. Linaniuma tangu mechi ya pili."

Bonde zima likaimba, polepole, twa-twa, twa-twa.

Sasa sikilizeni, wanangu. Kule bondeni akina mama hutwanga na mtoto mgongoni. Mtoto hulala kwa wimbo ule, na huamka kwa wimbo uleule, maana unga ukiwa tayari, uji unafuata. Kwa wana wa Bondeni wimbo ule ulisema: mama yupo, na uji unakuja. Lakini nyani wa mlimani hawatwangi. Wao waliusikia usingizi tu.

Nyani wa kwanza akapiga miayo. Wa pili akaegemea wa kwanza. Kipa wao akaketi chini akiukumbatia mlingoti wa goli. Na Nyegere, asiyejua kinu wala uji ila asali tu, juu ya vibuyu vyake, kichwa kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikabaki.

Mwepesi akasikia: mama yuko hapa, hajaenda mbali. Miguu ikawa myepesi. Akafunga la kwanza. Akauchukua tena mpira, akaupiga juu, nao ukapanda ndani ya ukungu, ukakaa, ukafikiri, kisha ukashuka golini polepole, juu ya kichwa cha kipa aliyekuwa akitabasamu usingizini.

Korongo akapuliza kipyenga. Mpira wa Bondeni haukufumuliwa.

Nyegere akashtuka. Nje ya ua kulikuwa na vigelegele na kukumbatiana. "Imekuwaje? Nani kafunga?" akakiuliza kiti cha mbele. Kiti kimya. Akakiuliza cha katikati. Kimya. Akakiuliza cha nyuma. Kimya.

"Uwanja wangu," akasema Nyegere, "na bao sikuliona!" Machozi yakamlengalenga.

Wengine wakamcheka. Mama Digidigi hakucheka. "Mzee Nyegere," akaita, "toka huku, ukae, tukusimulie."

Akatoka, akaketi kwenye nyasi kati ya vifaranga. Twiga akamsimulia bao. "Tena," akasema Nyegere. Kobe akamsimulia. "Tena!" Mwepesi mwenyewe akamsimulia, na mpira ulipofika golini Nyegere akaruka juu akapiga kelele, "Hoyee!" peke yake, akaona haya. Kisha akafungua vibuyu vyote, akamwekea kila mmoja asali kiganjani, akaanza na wale wadogo.

Kesho yake aling'oa miiba yote kwa mikono yake. Hakuna aliyemwomba.

Mafunzo yake, wanangu: viti havishangilii. Anayewafungia wenzake nje ya furaha hujikuta nayo peke yake, na furaha ya peke yako haina mtu wa kukusimulia.

Ngano yangu imefika kwenye kope zenu, nami naitua hapo. Atakayeamka wa kwanza aibebe.