Nati ya Kujazia

Mtu mmoja alikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba aliyelipanda alionekana kama ameketi barabarani. Jina lake Ambokile, na alikaa Tukuyu, mji wa mvua na kona, ambako mwenye akili hununua gari la juu. Lakini alilipenda. Kila Jumamosi aliliosha, akalipaka nta, akalisugua mpaka akaiona sura yake mlangoni. Chini ya gari hakuwahi kutazama. Tangu alinunue hakuwa amebadilisha oili ya gia boksi wala ya difu, maana oili hizo hazionekani, na kitu kisichoonekana hakimwaibishi mtu mbele ya majirani.

Mtu huyo alikuwa pia na mke, Tumpe, mama wa mwanawe Lusekelo. Naye alimpenda, msije mkamhukumu haraka. Alimnunulia vitenge vizuri na alijivunia kuingia naye kanisani.

Jumatano moja alimketisha sebuleni. Alikuwa amesikia mahali kwamba wanandoa hawafichani kitu, akaona ni neno jema, akalishika kwa mikono miwili. Akamwambia yote. Chumvi inayozidi tangu mwaka juzi, kaka zake wanaokuja bila taarifa, kicheko chake ambacho siku hizi hakisikiki, namna anavyonuna wageni wakishaondoka. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akaenda kulala fofofo. Tumpe alibaki kitini, mikono mapajani. Asubuhi akasema kwamba Jumapili angependa apelekwe kwa mama yake Kyela, akapumzike kidogo. Ambokile akaitikia. Kisha akaiona cherehani ya mkewe imefungwa kwa kanga karibu na mlango, na moyo ukampasuka, kwa maana mtu anayekwenda kupumzika habebi cherehani.

Wanaume wengi wakifika hapo hutafuta spana. Gari lilikuwa limeanza kulia kwenye kona, na njia ya kwenda Kyela ni kona tupu; akaona walau amfikishe mkewe salama. Jumamosi akalinyanyua kwa jeki uani, akaliweka juu ya stendi, akaingia chini yake kwa mgongo.

Alianza na gia boksi. Akafungua nati ya chini, oili chakavu ikamwagika, akaifunga. Kisha akafungua nati ya juu, akajaza mpya. Nati zote mbili zilikubali. Bahati hiyo ndiyo iliyomponza. Akahamia kwenye difu, chombo kilicho nyuma, kati ya magurudumu mawili. Kazi ya difu ni ya upole sana: gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu na la ndani lina safari fupi, na difu huliachia kila moja mwendo wake, yasije yakavutana mpaka kuvunjana. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya oili. Ambokile akafungua nati ya chini. Oili ikatoka nyeusi, inanuka kuungua, na kwenye nati yenyewe pameganda vumbi la chuma kama unga. Akalitazama beseni alilokingia, akaridhika. Uchafu wote ulikuwa umetoka.

Ndipo akaigeukia nati ya juu, ya kujazia. Ilikuwa imekaza kwa kutu. Akavuta, spana ikateleza. Akavuta tena, pembe za nati zikaanza kulika. Akalala palepale, oili ikimdondokea begani, akaelewa alichofanya. Gari lililokuwa likilia lakini linakwenda, sasa halitakwenda kabisa, maana difu ikizungushwa kavu hujitafuna mpaka ife. Kila fundi humwambia anayejifunza: anza na nati ya kujazia, ikikubali, ndipo umwage. Ambokile aliwahi kulisikia hilo. Ila alikuwa na haraka ya kutoa uchafu.

Tumpe alikuwa akianua nguo. Aliona miguu ya mumewe imetulia muda mrefu chini ya gari, akaogopa limemlalia, akaja mbio akainama. Akamkuta analia. Akamuuliza kuna nini, naye akaeleza, akimwonyesha beseni na nati iliyogoma. Tumpe akakaa chini kwenye majani mabichi, na nguo yake safi, akasema polepole:

"Baba Lusekelo, Jumatano na mimi ulinimwaga hivi hivi. Hukuangalia kwanza kama kuna mahali pa kunijazia."

Na Tumpe, ambaye angeweza kusimama akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu, aliingia jikoni akatoka na maji ya moto na kitambaa. Akaikanda ile nati kwa kitambaa kile, taratibu, kama mtu anavyokanda goti la mzazi wake. Wakaipaka mafuta ya kulainisha kutu, wakangoja. Hawakuipiga nyundo. Kisha wakachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, wakalishika wote wawili, wakavuta pamoja. Nati ikatoa mlio mmoja, ikalegea.

Oili mpya ilikuwa nzito kwa baridi ya Tukuyu. Tumpe akaiweka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka ikalainika, nao, wakiisha kufunga nati ya chini, wakaijaza kwa pampu ya mkono, kidogo kidogo, maana difu haikubali kujazwa kwa pupa. Na Ambokile, macho yakiwa kwenye mpira wa pampu, akaanza kusema mambo ambayo Jumatano hakuyasema. Kwamba mama yake alipougua, aliyemwogesha mpaka mwisho alikuwa Tumpe, naye hajawahi kumwambia asante. Kwamba nyumba isipokuwa na mlio wa cherehani, yeye hutafuta sababu ya kutoka. Kwamba kicheko kile hakikuisha chenyewe. Ni yeye aliyeanza kurudi nyumbani akiwa amenuna. Aliyasema vibaya, kwa kukwamakwama. Tumpe alishika chupa, machozi yakimtoka. Wakaendelea mpaka oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, kwa maana hivyo ndivyo mtu ajuavyo kwamba imetosha.

Jumapili walikwenda Kyela, na kwenye kona gari halikulia. Walimsalimia mama mkwe, wakala wali wake, na jioni wakarudi wote wawili. Cherehani haikuwa imetoka nyumbani. Sisemi kwamba mambo yao yaliisha siku hiyo. Oili hubadilishwa tena na tena, na wao bado wako barabarani.

Ndugu zangu, kumwaga ukweli mnakujua, na wengine wenu mnajisifia. Nawauliza moja tu: yule uliyemwambia ukweli wote wiki hii, kisha ukaenda kulala, amebakiwa na nini ndani yake?