Ngome Haihami, Mahamri Hupoa

Ngome haihami, mahamri hupoa. Ndilo neno alilowatupia Bi Thureya alipopita hapa akawakuta mmeinamia karatasi yenu ya safari, mnagombania ngome iwe saa ngapi na bahari iwe saa ngapi. Kalitupa akaenda zake, kama kawaida yake, mkabaki kutazamana. Sasa mwaniuliza mimi. Haya, sogezeni karatasi hiyo nisije nikaimwagia kahawa, niwaeleze neno hilo lilivyozaliwa.

Thureya huyu mnayemwona na mvi zake alikuwa kijana kama nyinyi, akifanya kazi katika ofisi ya kuwapangia watalii safari hapa Mombasa. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Angekwambia hekalu la Wahindi hufungua saa ngapi na hufunga saa ngapi, siku gani maji ya Watamu hutoka mpaka ukatembea kwa miguu juu ya miamba, na ukuta gani wa Ngome ya Yesu hupata kivuli asubuhi. Wageni walimsifu. Naye, kusema kweli, alikwisha kuanza kujisifu mwenyewe.

Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Mwanakheri wa Kibokoni, mpishi wa harusi. Mwanamke yule, jamani! Aliitwa kutoka Vanga hadi Lamu. Alipika biriani ya watu mia tano bila kushika kikombe cha kupimia, akitia chumvi kwa kiganja, na haikuzidi wala haikupungua. Kwa mikono hiyo hiyo Thureya alisomeshwa mpaka chuo. Lakini huko kote alikokwenda, Bi Mwanakheri aliona jiko tu. Alipelekwa, akapika, akalala pembeni ya magunia ya mchele, akarudishwa. Hata Ngome ya Yesu, iliyo hatua chache kutoka nyumbani kwake, aliipita miaka arobaini na masufuria yake, na ndani hajatia mguu.

Basi magoti yalipomshinda akaacha kazi, Thureya aliona sasa ndio wakati wa kulipa fadhila.

"Shangazi," alimwambia, "nitakutembeza pwani hii uione kwa macho, si kwa moshi."

Akaazima gari, akapanga safari ya siku tatu. Ijumaa ngome na hekalu. Jumamosi Kilifi na ufuo wa Watamu. Jumapili magofu ya Gede, halafu Malindi. Kila mahali na saa yake, kila mlo na mkahawa wake. Bi Mwanakheri alisomewa yote, akatikisa kichwa kwa furaha. Aliomba jambo moja.

"Nifikishe tu kwa Bi Shufaa wa Malindi. Nataka aonje mahamri yangu."

Bi Shufaa ndiye aliyemfundisha kupika alipokuwa msichana. Siku Mwanakheri alipoagana naye kuja kuolewa Mombasa, alimkaangia mahamri ya mwisho. Bi Shufaa alilipasua moja, akalitazama ndani, akaliweka chini. "Mkono wako bado," akasema. Tangu siku hiyo Bi Mwanakheri alisifiwa na watu wengi, mabibi harusi walimkumbatia na kanga zao za harusi, na neno la yule bibi lilikuwa bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Thureya aliliandika ombi hilo mwisho kabisa wa orodha: Jumapili, alasiri, nusu saa. Nusu saa! Katika nyumba ya Mswahili, nusu saa hata salamu hazijaisha.

Ijumaa alfajiri aliamshwa na harufu ya iliki. Alimkuta shangazi yake mbele ya karai, magoti yamefungwa vitambaa, anageuza mahamri moja moja, yanafura na kung'aa. Kikapu kimetandikwa kitambaa cheupe.

"Shangazi, Malindi ni keshokutwa," alisema Thureya. "Leo twaanza na ngome."

Bi Mwanakheri alisita, mwiko mkononi. Hakuwa mtu wa kubishana na aliyemfanyia hisani. "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye safari." Akakifunika kikapu, na hakukubali kukiacha nyumbani.

Walipofika langoni pa ngome, Thureya, kwa ule ukamilifu wake, aliona ampigie simu Salwa, mjukuu aliyekuwa akimtunza Bi Shufaa, kuthibitisha ile miadi ya Jumapili.

"Alasiri?" alisema Salwa. "Dada, alasiri hutamkuta. Mwili utaukuta, yeye hutamkuta. Huwa na akili zake asubuhi. Ikishapita adhuhuri, hata mimi huniuliza ni nani. Na asubuhi zenyewe zinafupika. Jana alichoka saa tano."

Thureya akashusha simu. Shangazi yake alikuwa amesimama kivulini, kikapu kifuani, anautazama ule ukuta mkubwa kwa adabu, kama mtu anayesubiri wenyewe wamkaribishe. Thureya alimweleza yote kwa aibu.

"Kwa nini hukuniambia leo asubuhi kwamba wataka kwenda moja kwa moja?"

"Umenipangia kwa mapenzi, nitakurudije?" alisema Bi Mwanakheri. Kisha akauweka mkono wake ukutani, akaupapasa. "Lakini waniuliza, nami nakwambia. Ngome haihami, mwanangu. Mahamri hupoa."

Thureya aliikunja orodha yake, akaitia mfukoni, akamshika shangazi mkono wakarudi garini.

Ilikuwa saa mbili. Aliendesha akiwa na hofu moja tu, kuchelewa. Na kando yake yule mama, pasipo kulalamika, alianza kumwonyesha pwani. Walipopita Mtwapa alisema, "Hapa visima vina chumvi. Wali wa hapa usiutie chumvi mpaka uuonje." Kwenye daraja la Kilifi: "Korosho za huku hazina mfano, lakini nazi zao chukua mbili pale ungetumia moja." Alijua kijiji gani hukaanga pweza bila ya kumchemsha, na nyumba gani bado huoka mkate wa mofa ukutani mwa tanuri. Thureya alikuwa amewapitisha wageni barabara ile miaka minne. Alimsikiliza kwa mshangao mkubwa, akaona kwamba majedwali yake yote hayajafika hata robo ya anayoyajua mama huyu aliyefungiwa jikoni.

Walifika saa nne na nusu. Bi Shufaa alikuwa ameketi kitandani, mdogo, msafi, macho yamefifia. Aliwatazama wote wawili asimjue hata mmoja. Bi Mwanakheri hakujitaja. Alipiga magoti, magoti yale mabovu, akamwekea hamri moja kiganjani. Lilikuwa bado vuguvugu.

Bibi akalipasua. Akalinusa. Akatazama ndani. Akatafuna taratibu, na Thureya anasema hajawahi kuona mtu mzima akiogopa kama shangazi yake alivyoogopa pale.

"Hili la Mwanakheri," alisema Bi Shufaa. "Mtoto wangu Mwanakheri. Yuko wapi?"

"Ndimi huyu, bibi."

"Ndoo karibu nikuone." Akamshika uso kwa mikono miwili. "Iliki umezidisha."

"Naam, bibi."

"Lakini mkono umeiva. Umeiva zamani huu. Mbona umekawia kuja?"

Bi Mwanakheri alilia kwa sauti, na Salwa akalia, na Thureya akatoka nje kujifanya anaangalia gari.

Walikaa, wakala, wakacheka mambo ya ujana. Ilipokaribia adhuhuri maneno ya Bi Shufaa yalianza kupotea. Aliuliza wageni hawa ni kina nani. Kisha akachukua hamri jingine, la baridi sasa, akauma.

"Haya kapika nani?"

"Mwanafunzi wako, bibi," akajibu Bi Mwanakheri.

"Anajua," alisema Bi Shufaa. "Mwambieni anajua."

Safari waliimaliza kinyumenyume. Waliteremka kupitia Gede na Watamu, wakavua viatu wakaingia hekaluni kutazama nakshi, na Jumapili jioni Bi Mwanakheri aliingia Ngome ya Yesu kwa mara ya kwanza maishani. Aliizunguka yote kwa heshima, akasifu ukuta, akasifu upepo, halafu akamuuliza mlinzi askari wa zamani walipikia wapi.

Bi Shufaa hakumtambua mtu tena tangu Ramadhani iliyofuata, asubuhi wala jioni. Ngome ipo, mwaiona. Sasa irudisheni karatasi yenu hapa kati, mtazame ni nani mliyemwandika mwisho. Ngome haihami, wanangu. Mahamri hupoa.