Jini wa Kisima na Khalifa wa Chuo

Katika mji wa Zumaridi alitawala sultani aitwaye Nabhani bin Faraji, na sultani huyo alimshuku kila mtu: alimshuku mpishi kwa sumu, na kinyozi kwa wembe, na waziri wake kwa kila jambo, na hata kasuku wa baraza alifunikwa kitambaa ili asisikilize siri. Watu pekee aliowaamini ni watoto wa chuo alichokijenga uani kwake, na hapo ndipo alipokosea.

Katika chuo hicho alisoma Raya, binti wa mjane mshona kofia, Bi Mwanakheri. Raya alianza kurudi nyumbani na vidole vilivyovimba na ubao uliovunjwa, na kisha akaacha kula, na mwisho akaacha kusema kabisa. Mama yake akaenda barazani akilia, na sultani akashuka mwenyewe chuoni, akawapanga watoto na kuwauliza nani anayewaumiza. Watoto wakainamisha vichwa, wakasema kwa sauti moja:

"Jini wa kisimani, maulana."

Kwa sauti moja! Watoto, jamaa zangu, hawakubaliani hata juu ya rangi ya mbuzi. Lakini hilo mwenye shaka wetu hakulishuku. Akasugua pete yake, na moshi ukapanda kutoka kisima kilichokuwa pale uani, na akatokea jini Dahmani, aliyefungwa na pete ile asiweze kusema uongo. Sultani akaamuru aletwe mtungi wa shaba ili jini atiwe humo milele.

"Ewe sultani," akasema jini, "umri wako na uwe mrefu. Nimekaa kisimani tangu babu yako hajazaliwa, na sijamgusa mtoto hata mmoja. Nifungie ukitaka, lakini binti huyu atarudi nyumbani na vidole vilevile, na hapo utamfungia nani tena?"

"Basi mtaje mkosaji!"

"Nikimtaja utamcharaza leo, na ukigeuka tu atamlipizia Raya. Niambie kwanza: mtoto akionewa hapa, humwambia nani?"

Akajibu Maalim Idarusi, mwalimu wa chuo: "Humwambia khalifa, mkubwa wa wanafunzi, naye huniletea habari. Ndiyo ada yetu. Na alhamdulillahi, tangu Badili mwana wa waziri awe khalifa, sijaletewa lalamiko hata moja."

Watu wote wakageuka. Badili alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya watoto, bakora mkononi.

Sultani akaamuru atolewe nje, kisha akashuka kitini na kuketi mkekani mbele ya Raya. "Mwanangu, mimi sultani nilikuja nikauliza. Kwa nini hukuniambia?"

Raya akafumbua kinywa. "Ulituuliza, maulana, naye alikuwa amesimama nyuma yetu."

Sultani akalia kwa aibu. Watoto wakaingia mmoja mmoja kwa Bi Mwanakheri, faraghani, wakasimulia: hawa walipigwa, na wale walicheka wasije wakafuata wao. Badili aliporudishwa ndani, waziri akainua mkono amzabe mwanawe, na jini akaudaka mkono ule. "Sasa naona alikojifunzia," akasema.

Badili akavuliwa ukhalifa, akasoma mbele ya macho ya maalim mpaka aliowaumiza wakubali kuketi naye. Raya alichelewa sana kukubali, na hakuna aliyemharakisha. Waliocheka wakawa wanamsindikiza nyumbani. Bi Mwanakheri akapewa chumba chuoni na mshahara, ili mtoto yeyote aingie na kusema. Jini akaachiwa huru, naye akamtunuku mjane kasha la lulu, na Maalim Idarusi akamposa. Bi Mwanakheri akamwambia ajifunze kwanza kusikiliza, na alipojifunza, harusi ikachezwa mji mzima.

Nanyi mnaonisikiliza, mkiambiwa kuna chuo ambacho mtoto halalamiki kamwe, msishangilie. Ulizeni kwanza malalamiko yanapitia kwa nani.