Damu ya Mzee Hoza

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Leo nawapa kesi, hukumu mtatoa wenyewe.

Huko milimani Usambara aliishi Mzee Hoza na wanawe watatu. Mwantumu, kifungua mimba, alikuwa mkunga. Mikono yake haikujua kutetemeka. Mbelwa alibeba magunia ya kabichi kutoka bondeni hadi barabarani bila kupumzika. Kupaza, wa mwisho, alikuwa na damu ya kundi adimu, ile inayomfaa kila mgonjwa.

Siku moja mzee alikuwa akikata mti bondeni. Kichwa cha shoka kikachomoka mpinini, kikampasua paja. Damu ikaruka. Wanawe walisikia ukelele wakashuka mbio.

Mwantumu alivua kanga, akaikunja, akaikandamiza jerahani kwa ngumi. "Usifumbe macho, baba! Nitazame!" Hakuiachia hata mkono ulipokufa ganzi.

Mbelwa akamweka baba mgongoni, akapanda mlima, dada yake akikimbia ubavuni, ngumi palepale. Mapaja ya Mbelwa yaliwaka moto, moyo ukamgonga hadi masikioni. Hakusimama mpaka barabarani, walikopata gari.

Hospitali ya wilaya haikuwa na damu hata mfuko mmoja. Kupaza akakunja shati. "Nitoeni mimi."

Mzee alipofumbua macho, daktari aliwaambia, "Mwili ni kama jiko. Chakula ndicho kuni, hewa inachochea, na damu ndiyo inayovifikisha vyote viwili kila mahali. Yake ilibaki kidogo mno. Moyo ulikuwa unasukuma mishipa mitupu. Angekosekana mmoja wenu, mngezika."

Mwezi ulipopita, mzee akawaita uani. Alikuwa ameshika kamba ya mtamba wa ng'ombe mwenye mimba, mfugo wake pekee.

"Huyu ni wa aliyeniokoa. Nani aje ashike kamba?"

Hakuna aliyesogea.

"Mwantumu, mwanangu?"

"Si mimi, baba. Asubuhi ile nilikwambia umezeeka, mti ule huuwezi. Niliona uso wako ulivyobadilika, nikanyamaza. Ulikwenda kunionyesha kwamba bado unaweza."

Mzee akamgeukia Mbelwa. Mbelwa aliinamisha kichwa. "Uliniomba nikaukate mimi. Nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka, baba. Nilikuwa nimelala tu, nasikiliza redio."

Kupaza alikuwa tayari analia. "Shoka nililiazima mimi juzi yake. Nililirudisha limelegea. Nilijua. Niliogopa utanigombeza."

Mzee alilipapasa kovu la pajani.

"Kwa hiyo walioniponya ndio walioniumiza," alisema. "Nimewasamehe wote. Sasa njooni, mmoja achukue."

"Mpe dada," alisema Mbelwa.

"Mpe Kupaza," alisema Mwantumu. "Damu yake ndiyo iliyomo mwilini mwako."

"Sitaki!" Kupaza akafoka, akatoka uani.

Mzee amebaki na kamba mkononi. Mtamba anakaribia kuzaa, na wale watoto watatu wa mzee siku hizi hawatazamani machoni, kila mmoja akiamini kosa lake ndilo kubwa.

Sasa semeni, ndugu zangu. Kuna mkono uliozuia damu, mgongo uliobeba na mshipa uliotoa. Kuna pia neno lililochoma, uvivu uliodanganya na woga ulioficha. Je, kamba ile wewe ungemkabidhi nani? Na akikataa, ungemwambia nini?