Pimbi na Mihogo ya Korongo

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, ugonjwa uliozesha mihogo yote ya bondeni. Ndipo Korongo, bwana shamba, akaleta pingili za mbegu mpya isiyooza. Kila nyumba ikapewa mzigo wake, hata zile za ng'ambo ya kilima.

Pimbi, mdogo wa kimo, akazitaka zote.

Akakimbia, tititi! mpaka kwa Mama Nyati. Huyo akipanda, wote wanapanda. Akiacha, wote wanaacha.

"Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mbegu ile, mama! Huko walikoipanda, pembe zinawang'oka. Pukutu!"

"Weee!" Nyati akashika pembe zake. "Umeona mwenyewe?"

"Kwa macho haya haya!"

Sokoni Nyati akamwambia Tembo. Mtoni Tembo akamwambia Kiboko, naye akaongeza kwamba hata meno yanadondoka.

"Kama Mama Nyati kakataa, sisi ni nani?" walisema, wakatupa pingili njiani, puu! puu!

Pimbi akaziokota zote, akicheka kwi kwi kwi.

Msimu wa kuvuna, mashamba ya wengine, waliorudia mbegu ya zamani, yalinuka uozo. La Pimbi lilikuwa limejaa mihogo minene, myeupe.

Siku moja akaja dada yake, Mashavu, kutoka ng'ambo ya kilima. Alikuwa amekonda, na mgongoni amebeba mtoto mmoja.

"Karibu, dada! Pacha wake umemwacha na nani?"

Mashavu akakaa chini. "Njaa imemchukua, kaka."

"Njaa? Si mlipewa pingili?"

"Nilizichoma. Walisema zinapofusha watoto. Nikauliza, nani kasema? Wakanijibu, Pimbi kaona kwa macho yake. Basi nikajua ni kweli. Kaka yangu atanidanganyaje?"

Jembe likamponyoka Pimbi.

Alimpikia dada yake, akamlisha mtoto. Kesho yake akabeba pingili, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Pandeni! Nilisema uongo!"

Mama Nyati akasimama mlangoni pake.

"Na sasa hivi unasema nini, mwanangu? Kweli au uongo?"

Akafunga mlango.

Basi, wanangu, ukimdanganya jirani, huwezi kuuchagulia uongo wako nyumba ya kuingia.